Punje ya Tano

Ijumaa, Julai 1954. Baridi ya kukata masikio. Ukungu haujainuka tangu asubuhi, na mlima Menengai ni kama haujawahi kuwepo.

Nina hasira leo mpaka kalamu inachana karatasi. Naandika nikiwa darasani, watoto wameshakwenda. Sitaki kurudi nyumbani kwangu mapema, kwa sababu njia inapita mbele ya ghala la mbegu, na ndani ya ghala hilo amefungiwa Nyambura, mama yake Wangari wa darasa la pili. Kesho asubuhi saa nne afisa anakuja kutoka Nakuru kuamua habari yake. Lori la kuwabeba yeye na watu wake limeshaegeshwa karibu na ofisi ya shamba.

Amefungiwa kwa sababu ya somo langu la hesabu.

Nimeiandika sentensi hiyo halafu nikaitazama kwa muda, nikitafuta mahali pa kuilainisha. Sikupata. Basi niandike yote jinsi yalivyokuwa, maana hapa hakuna wa kunisikiliza, na nikiendelea kunyamaza nitapasuka.

Mimi ni binti wa mpakia makaa wa reli. Nilizaliwa Maragoli lakini nilikulia Nakuru, katika zile nyumba za reli ambazo treni ikipita vikombe hucheza mezani. Nilipomaliza chuo cha ualimu nilipangiwa shule hii ya shamba huku juu ya Njoro, ambako watu hulima pareto na kuvaa koti mwaka mzima. Shule ni chumba kimoja cha mabanzi na mabati. Darasa la kwanza linakaa upande wa dirisha, la pili upande wa mlango, na mwalimu ni mimi peke yangu. Mzungu mwenye shamba tunamwita Bwana Haraka, kwa kuwa ndilo neno la Kiswahili analolitamka vizuri kuliko yote.

Chuoni tulifundishwa kwamba mwalimu mzuri humjua mtoto kwanza, ndipo amfundishe. Ajue mtoto analala wapi, anakula nini, wako wangapi nyumbani. Ayakusanye hayo, ayaweke pamoja, ayatumie katika masomo. Niliyapenda mafundisho hayo kuliko yote. Nilikuwa yule msichana wa benchi la mbele ambaye mwalimu akiuliza swali tayari mkono uko juu, wenzake wakimchukia kimyakimya.

Nikaja hapa na kichwa changu kilichojaa. Vifaa vya kuhesabia havikuwepo, hata vijiti vizuri. Nikawaambia watoto: kila Jumatatu, kila mmoja aje na punje za mahindi, punje moja kwa kila mtu aliyelala nyumbani kwao. Tukawa tunajumlisha nyumba na nyumba, tunatoa, tunalinganisha. Kisha nikapasua boksi la dawa ya ng'ombe, ambalo mpaka leo linanuka, nikachora mistari, nikaandika majina ya watoto chini, na juu ya kila jina nikabandika punje zake kwa gundi ya unga, moja juu ya nyingine. Nyumba yenye watu wengi ilikuwa na mnara mrefu. Nikaitundika chati ile ukutani, karibu na ubao.

Watoto waliipenda. Walikuwa wakiingia asubuhi wanaiendea kabla hata ya kunisalimia, kila mmoja anagusa mnara wake.

Na siwezi kusema haikunisaidia, kwa sababu ningekuwa nadanganya. Kulikuwa na Chebet, aliyekuwa akichelewa kila siku, na kila siku nilikuwa namchapa mkononi. Mnara wake ulipopanda mpaka karibu na ukingo wa boksi ndipo nilipoelewa kwamba mtoto yule huteka maji ya watu wote wale kabla ya kuja shule. Nikaacha kumchapa. Kuna wengine ambao nilikuwa nawaona wazembe, kumbe chakula cha kwao kinagawanywa vipande vidogo. Hao nikawa nawapa viazi vyangu. Chati ile ilinifundisha kuona. Ndiyo maana sikufikiri hata siku moja kwamba inaweza kuwafundisha wengine kuona pia.

Mkaguzi wa shule alikuja mwezi uliopita. Ni Mwafrika mwenzetu, mwenye baiskeli inayong'aa na tai ambayo huilegeza akipanda mlima na kuikaza akifika. Alisimama mbele ya chati kwa muda mrefu. Akaniuliza, "Na hizi hesabu ni za kweli, Mwalimu?"

Nikamjibu, "Watoto hawa hawajui kudanganya, Bwana. Zimetoka nyumbani kwao."

Alifurahi sana. Aliporudi Nakuru aliniandikia barua ya sifa, na akasema niende mjini mwezi ujao nikawaonyeshe walimu wenzangu namna ninavyofanya. Barua ile nikaipeleka kwa baba. Baba hajui kuisoma, lakini anaibeba katika mfuko wa shati na kuwapa madereva wa treni wamsomee, mmoja baada ya mwingine. Mimi nikaenda kwa fundi nikashonesha gauni. Sikatai. Nilijiona nimefika.

Ila kabla ya kupanda baiskeli yake siku ile, mkaguzi alipitia kwa Bwana Haraka kunywa chai. Na watu hawanywi chai bila kuwa na la kusema. Akamsimulia habari za mwalimu hodari aliye shambani kwake, anayejua watu waliolala katika kila nyumba ya laini.

Laini ni zile nyumba za wafanyakazi, zimepangwa safu safu chini ya miti ya mikaratusi. Nyapara anajua idadi ya kila nyumba, kwa sababu posho hutolewa kwa vichwa, na kila jioni yeye hupita akichungulia milangoni. Tangu hali ya hatari itangazwe, ole wake Mkikuyu atakayekutwa amelaza mtu asiyeandikwa. Hata awe shangazi mgonjwa. Mgeni asiye na barua huhesabiwa kuwa ametoka kwa wapiganaji wa msituni, na aliyempa uji huhesabiwa kuwa mwenzake. Yote haya nilikuwa nayajua. Nilikuwa nayajua kama ninavyojua kwamba Julai ni baridi, na bado nikawaambia watoto waniletee kila Jumatatu idadi ya waliolala.

Jumatano Bwana Haraka akaja mwenyewe, na nyapara nyuma yake. Watoto wakasimama, wakasema "Good morning, sir" kama nilivyowafundisha. Bwana akaweka mikono mifukoni, akaitazama chati, akafurahi kama mtu aliyeonyeshwa kijibwa kinachosimama kwa miguu miwili. Nyapara hakufurahi. Alikuwa anapitisha kidole polepole, jina kwa jina, midomo ikitikisika. Alipofika kwa Wangari akarudia. Akarudia tena.

"Hawa kwangu ni wanne," akasema. "Baba, mama, huyu msichana na kakake mdogo. Hapa naona tano. Mwalimu, hii ya tano ni nani?"

Na mimi, badala ya kuhisi ardhi ikitikisika, nilijibu kwa maringo. Nilidhani anatilia shaka kazi yangu. Nikasema kwa sauti, Bwana asikie vizuri, kwamba kila punje pale ni mtu, na kwamba watoto wangu hawadanganyi.

Nilisema hivyo. Kwa kinywa changu.

Jioni ileile wakaenda kwa Nyambura. Walipasua godoro, wakachimba sakafu, wakamwaga unga nje kutafuta mtu wa tano. Hawakumpata. Ungedhani kutompata kungemsaidia, lakini kwa watu hawa kutomwona mtu ni ushahidi kwamba amefichwa vizuri. Wakamchukua Nyambura wakamfungia ghalani, kwa kuwa yeye ndiye mama wa nyumba na ndiye anayejua nani amekula. Mumewe, Ndung'u, anayekausha pareto tanurini, wakamwacha kwanza afanye kazi, maana maua hayangoji.

Jana mchana nilikwenda ghalani. Askari aliyekuwa mlangoni ni mtu wa kwetu. Akanisalimia kwa Kimaragoli, akageuka kutazama milima. Nikazungumza na Nyambura kupitia ufa wa mabanzi. Nilikuwa nimejiandaa kumwambia kwamba kama kuna mtu, ni heri aseme, nitamwombea. Fikiria nilivyokuwa mjinga hata jana.

"Mwalimu," akasema, "hakuna mtu wa tano."

"Basi punje ilitoka wapi?"

"Nilitia mimi." Sauti yake ilikuwa imekauka. "Kwetu watu hawahesabiwangi. Mtoto akakuja akasema Mwalimu anataka. Ningemkatazaje, na yeye anakupenda hivyo? Nikampa moja ya bure, isiyo ya mtu. Ndio hesabu isiwe yetu. Ile mbaya ikikuja kuhesabu watoto wangu, ikose. Nimezika wawili, Mwalimu. Hawa wawili waliobaki sitaki wahesabiwe."

Nilibaki nimeegemea mabanzi.

Kinachoniuma si kwamba sikujua. Kinachoniuma ni kwamba nilijua. Nyanya yangu kule Maragoli hakuhesabu hata vifaranga. Ukimuuliza wako wangapi alikuwa anakujibu, "Wako," na akiona unanyoosha kidole kuanza moja, mbili, anakupiga kofi mkononi. Wamaragoli, Wakikuyu, Wanandi, wote huku wana lao kuhusu kuhesabu watu. Ndiyo maana mwanzoni nilichagua punje, kwa sababu niliwasikia mama wengine wakinung'unika na nikaona punje zitapita mlango wa nyuma. Nilijiona mjanja. Chuoni tulifundishwa kuyacheka mambo ya nyanya zetu, nami nilikuwa nacheka kabla ya mwalimu kumaliza sentensi.

Nilirudi darasani nikaitazama chati yangu kwa macho mengine. Nyambura hawezi kuwa peke yake. Kuna nyumba ninazozifahamu kwa kuingia, ambazo minara yao ina punje pungufu. Mama mmoja kaongeza, mwingine kapunguza, kila mmoja kwa namna ya kwao, wote wakiwafichia watoto wao kivuli. Wakati wote huu nimekuwa nikifundisha kujumlisha kwa idadi ambazo akina mama walizivuruga makusudi kwa upendo. Nyapara hakuuliza habari za waliopungua. Punje ikipungua hakuna kosa. Ikizidi, ni lori.

Nikaichana chati. Boksi lenyewe ni gumu, nililikanyaga kwa mguu. Lakini kuichana kulisaidia nini? Waliyotaka kuyaona walishayaona.

Leo asubuhi Wangari alikuja shule. Sikutegemea. Alikuwa hajachanwa nywele, kwa kuwa anayemchana yuko ghalani. Hakwenda kwenye benchi lake. Alikuja moja kwa moja mezani kwangu na ngumi imefumbwa, akaifumbua. Punje tatu.

"Leo si Jumatatu, Wangari."

"Nimesahihisha, Mwalimu," akasema. "Nilikosea ile. Jana tumelala watatu. Sasa ni sawa? Mama arudi?"

Mtoto amefundishwa na mimi kwamba ukikosea hesabu unaifuta, unaandika jibu sahihi, unapewa alama. Ameamini. Nilitaka kulia mbele ya darasa zima. Nilizichukua punje nikamwambia akae. Akakaa akinitazama asubuhi nzima, akingoja nimwambie kama amepata. Nilipouliza jambo dogo tu, nani ameona mvua jana usiku kwao, hakuna hata mkono mmoja uliopanda. Wameshajifunza kwamba ukimwambia Mwalimu mambo ya nyumbani, watu wanakuja kuchimba sakafu.

Wakati wa mapumziko nilivuka mashamba ya pareto nikaenda ofisini. Akina mama waliokuwa wakichuma maua waliinua vichwa wakaviinamisha. Hakuna aliyenisalimia. Mlangoni nilimkuta Ndung'u ameshika kofia yake kifuani, amengoja tangu alfajiri aitwe. Nikasema, "Baba Wangari." Akasogea kando kunipisha, kwa heshima zote, bila kunitazama. Afadhali angenitukana.

Bwana Haraka alikuwa mezani na chai yake, nyapara amesimama karibu na dirisha. Nikaeleza yote. Nikaeleza mila ya kutohesabu watu, nikaeleza punje isiyo ya mtu, nikaeleza watoto wawili waliozikwa. Kiingereza changu kilitosha, lakini yeye akisema na Mwafrika hupenda kile Kiswahili chake cha jikoni, kwa hiyo ndicho alichonijibu.

"Wewe naambia toto nalete moja kwa mutu moja?"

"Ndiyo, Bwana, lakini mama yake..."

"Wewe naambia mkaguzi hii toto hapana jua danganya?"

"Ndiyo, Bwana."

"Sasa mutu iko wapi?"

Nikasema chati yenyewe haikuwa ya kuaminika, kwamba hata panya walikuwa wanakula punje usiku na mimi nabandika nyingine kwa kukumbuka. Hiyo ni kweli. Panya walishakula mnara wa Chebet wote na hakuna aliyeuliza wale watu wamekwenda wapi.

Bwana akacheka mpaka chai ikamwagika kwenye sahani. "Panya nakula tu," akasema. "Panya hapana leta."

Nikamgeukia nyapara. Huyu ni mtu wa huku huku, mama yake yuko hai, ana mbuzi kule chini ya bonde ambao hakuna mtu amewahi kuruhusiwa kutaja idadi yao. Anajua. Nilimwona usoni kwamba anajua, na kwamba amejua tangu Jumatano saa ileile Nyambura alipofungua kinywa. Nikamwambia, "Mzee, mwambie Bwana." Akaangalia viatu vyake. Ana watoto wake na nyumba yake ya mabati, na aliyemtetea Mkikuyu mwaka huu naye huulizwa kwa nini anamtetea. Nimejaribu kumchukia tangu mchana. Namchukia kidogo tu, maana jana askari wa kwetu alipogeuka kutazama milima nilimshukuru, kumbe kugeuka ni kulekule.

Bwana akamaliza maneno. Kesho afisa anakuja. Mtu wa tano akitajwa, Nyambura peke yake anakwenda kuchujwa Nakuru, ndivyo wanavyoita kumuuliza mtu mpaka aseme wanachotaka. Asipotajwa, nyumba nzima inapanda lori na kurudishwa rizavu, kule Wakikuyu walikotengewa ardhi.

Kurudishwa. Ndung'u alizaliwa kwenye shamba hili. Baba yake amezikwa kando ya mto hapo chini. Rizavu hana hata mahali pa kuegemeza jembe. Watoto watalala kwa jamaa wasiowajua, katika zile kambi zilizozungushiwa mitaro, na Wangari, anayejumlisha haraka kuliko wenzake wote wa darasa la pili, hataona ubao tena. Na kama Nyambura akianza kutaja jina la uongo ili wawaache wengine, basi kuna mtu mwingine mahali fulani atakayekuja kuchimbiwa sakafu.

Nilirudi, nikafundisha wimbo, nikawaachilia mapema.

Sasa nakaa hapa na nimelifikiria jambo hili kila upande. Kwa mkaguzi hakuna la kutegemea. Nikimwandikia, barua itafika lori likiwa limeshaondoka, na hata ikifika, yeye ameshawaambia wakubwa wake kwamba hesabu zangu ni za kweli, hatapenda kuambiwa alionyeshwa kitu cha bure. Mchungaji yuko Nakuru. Baba yangu anapakia makaa. Aliyebaki ni mimi.

Na kuna njia moja. Imenijia nilipokuwa nafuta ubao, na tangu hapo sijaweza kuifukuza.

Punje zilizobandikwa nilizibandika mimi. Hakuna aliyekuwepo. Watoto walikuwa wanazimwaga mezani kwangu, na jioni nikibaki peke yangu nazipanga kwenye boksi. Nyambura amewaambia kwamba hakuna mtu wa tano, na kwa yote niliyoyasikia hajawaambia zaidi, maana habari ya mila aliona haya kuisema mbele ya wanaume wale. Kwa hiyo ninaweza kusimama mbele ya afisa nikasema Wangari alileta punje nne. Nne, sawasawa na za nyapara. Mimi, mwalimu mwenye cheti, nilikosea nikabandika tano.

Ataniuliza, mbona jana ulisema habari za mila? Nitasema niliona aibu kukiri kosa langu mbele ya Bwana, nikatunga hadithi ya mambo ya kizamani. Hapo Bwana Haraka atatikisa kichwa kwa furaha, kwa sababu ndivyo alivyofikiri tangu mwanzo.

Najua nitakachopoteza. Mkaguzi hatanisamehe. Atasema alisifu kazi ya mtu asiyejua kuhesabu, na ataniondoa kabla wenzake hawajaanza kumcheka yeye. Hakuna shule itakayonipa darasa, labda la kushona. Siku moja dereva fulani wa treni atamwuliza baba habari za binti yake hodari, na baba atajaribu kuitoa ile barua mfukoni kisha atakumbuka. Hilo ndilo linalonitoa machozi, na nayaacha yatoke, niko peke yangu.

Nilitaka sana kuitwa mwalimu mzuri. Nilikitaka kitu hicho kuliko mume, kuliko nyumba ya mabati. Na kinachonichoma ni kwamba kesho nitakapofanya jambo la kwanza la maana kwa mwanafunzi wangu, litaandikwa katika faili kuwa ni ujinga wangu, na litabaki hivyo hata nikifa.

Sijui kama watoto watanyoosha mikono tena. Pengine hawapaswi. Pengine kuna mambo ya nyumbani ambayo mwalimu anatakiwa ayaone kwa macho, anyamaze, agawe viazi vyake, asiyatundike ukutani. Hakuna aliyetufundisha hilo chuoni, na mimi mkono wangu ulikuwa juu muda wote, sikupata nafasi ya kuuliza.

Kutakucha tu, ukungu ukipenda usipende. Saa nne nitakuwa mbele ya afisa, na nitasema uongo wangu polepole, kwa Kiingereza safi, ili asikose hata neno moja. Kweli nimeshaipeleka na wameicheka. Uongo wataupokea, nina hakika, kwa sababu ni rahisi kwao kuamini kwamba mwalimu mweusi hawezi kuhesabu mpaka nne, kuliko kuamini kwamba mama mmoja alikataa watoto wake wahesabiwe.

Mungu nisamehe, halafu wafanye waniamini.